Wanayasubiri Magoti Yangu

Nilitoka nyumbani na bakuli la supu ya harira mkononi, jua likizama nyuma ya milima ya Tetuan. Nilikuwa nampelekea Ghita, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mwenyewe tangu ana meno ya utotoni, na mpaka leo asipoletewa chakula hali. Halafu nami nilikuwa na zamu yangu kwenye kile kitanda chake.

Msicheke. Mimi Batul, ajuza mzima, nafanya Pilates.

Ghita amepanga hamamu la zamani la mtaa wetu, akaweka vitanda vya springi pale wanawake walipokuwa wakisuguana migongo. Unalala chali kwenye kitoroli kinachoteleza juu ya reli, unasukuma kwa miguu, unarudi. Uzito unabebwa na springi. Goti linakunjika na kukunjuka bila kubebeshwa mwili. Daktari ndiye aliyenituma, maana gegedu lilikuwa limelika, nikawa nasali kwenye kiti. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: nisujudu tena kabla sijafa, paji la uso lifike chini.

"Mama Mkubwa, umechelewa!" Ghita akapokea bakuli, akanusa. "Mmh! Umetia dengu nyingi?"

"Nimetia dengu na dua upate mume. Nilaze, mwanangu, magoti yananiunguza."

Akachemsha birika, akajaza mifuko ya mpira, akaniwekea juu ya magoti ili yalegee. Alipoitoa, akanivisha mikanda nyayoni. Mabega yangu yakaegemea vizuizi viwili vya kichwani mwa kitoroli. Nikawa kama mtoto aliyefungwa mbeleko.

Halafu akafanya lile jambo.

Akachukua birika, maji yaliyobaki bado yanatokota, akayamwaga kwenye tundu la sakafuni. Lile tundu la zamani la hamamu. Jua linazama. Na hakutaja hata jina la Mungu, kuwaonya majini wanaokaa humo wajitenge.

"Ghita! Sema bismillahi! Maji ya moto, saa hizi... Waombe radhi wenye mahali!"

"Mwenye mahali ni mimi, Mama Mkubwa. Funguo ninazo mwenyewe."

Akacheka. Simu yake ikaita, na chini ya kuba lile husikii mtu, akatoka nje kuzungumza. Mlango ukajifunga.

Nikasukuma. Kitoroli kikateleza mpaka mwisho, miguu ikanyooka.

Hakikurudi.

Nikajaribu kukunja magoti. Wapi! Springi zilikuwa zimevutika, zinalia nyiiii... lakini kitoroli hakikusogea. Kuna kitu kilikuwa kimekishika, nyuma ya kichwa changu. Nikavuta miguu itoke kwenye mikanda, mikanda ikakaza zaidi. Nikataka kuinuka, mgongo ukagoma.

Kisha harufu. Sabuni nyeusi ya zeituni, kama zamani. Na ndani yake, nywele mbichi zilizoungua.

Tunduni mtoto alikuwa analia. Analia polepole, kama aliyekatazwa kulia.

"Ghita?"

Hakuwa Ghita.

"Mwanangu ameungua," sauti ikanong'ona sikioni. Pumzi yake ilikuwa na maji.

Ulimi ulikuwa mzito. "Tusamehe... Hakukusudia. Ni mtoto yule, hajui."

"Magoti yote mawili. Hatatembea. Nipe aliyemwaga. Magoti yake mazuri, nayaona kila siku."

Nilimwona Ghita wangu kwenye kiti cha magurudumu, yeye ambaye miguu ndiyo riziki yake. Nikapiga kelele, kelele ikatoka kama mkoromo.

"Chukua yangu!"



Vidole baridi vikanishika goti la kulia. Vikalibonyeza, vikaligeuza, vikahamia la kushoto, kama mwanamke anayechagua nyanya sokoni. Akacheka.

"Takataka hizi? Nani atatembelea haya?"

Wallahi, hata katika hofu ile niliona nimetukanwa.

"Yanapona!" nikasema. "Yana nafuu kila nikija hapa. Binti anayatengeneza. Subiri..."

Springi zikalia. Tunduni mtoto akashikwa na kwikwi.

"Haya. Yatengeneze. Yakishakuwa mazima nitakuja. Ukiacha kuja wewe, nachukua ya binti."

Kitoroli kikaachiwa, nikarudi kwa kishindo mpaka meno yakagongana. Ghita akafungua mlango.

"Mama Mkubwa! Mbona nywele zako zimelowa?"

Sikumwambia. Ningemwambia angecheka, kisha angechemsha birika jingine ili anionyeshe kwamba hakuna kitu. Nilimwendea shehe. Akanisikiliza, akainamisha kichwa. "Lalla Batul, ahadi umeitoa kwa kinywa chako mwenyewe," akasema, na hakutaka hata kufika mlangoni pa hamamu.

Basi nikaendelea kwenda. Ningefanyaje? Nisipokwenda, Ghita. Nikienda, mimi.

Na balaa ni kwamba yale mazoezi yanasaidia kweli! Uvimbe ukapungua. Mapaja yakapata nguvu, yakaanza kulishika goti. Ngazi nilizokuwa nikipanda kwa makalio nikawa nazipanda kwa miguu, nikiwa peke yangu. Mbele za watu nilichechemea, nikaugulia, nikamkaripia kila aliyesema nimenawiri. Nikaendelea kusali kwenye kiti, mkeka uko hapo mbele yangu, roho inaniuma kwa hamu ya kushuka. Kupona nilikokuombea nikawa nakukimbia.

Lakini utamficha vipi mtu ambaye kazi yake ni kushika misuli?

Jioni moja Ghita alikuwa na wateja wapya, wanawake wa magoti kama yangu. Akanitoa mbele.

"Mtazameni mama yangu! Alikuja hapa akikongoja. Njooni mshike! Magoti ya msichana haya. Amepona kabisa!"

"Nyamaza wewe! Bado yanauma!"

Nani alinisikia? Walikuwa wanapiga vigelegele. Kuba lote likavuma. Wakamaliza, wakanyamaza, wakacheka.

Kigelegele kimoja kikaendelea.

Kilitoka chini ya sakafu.

Nikajua sina muda. Nikashuka palepale, mbele yao wote, nikapiga magoti, nikasujudu. Yalikunjika bila maumivu yoyote. Paji la uso likagusa sakafu, nikalia kwa raha, kwa hofu, sijui kwa nini hasa. Mikono baridi ikanishika nyuma ya magoti. Haikuvuta. Ilisubiri nimalize.

Nilikawia sana kumaliza.

Daktari amepiga picha, anasema kila kitu kizima, haelewi kwa nini miguu haiitiki. Ghita analia, anadhani alinikazia springi kupita kiasi. Nambembeleza. Ananisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu kila jioni mpaka kwake, kwa sababu hataki nikae peke yangu, nami sitaki awe humo peke yake.

Chini ya sakafu nasikia miguu midogo ikikimbia huku na huku. Namshukuru Mungu kwamba ni huyo mmoja tu, deni limekwisha.

Jana Ghita naye alisikia. Akasimama, kitambaa mkononi.

"Mama Mkubwa, watoto wa nani hao?"

"Mtoto," nikamsahihisha. "Ni mmoja."

Akapiga magoti yake mazuri karibu na tundu, akatega sikio.

"Hapana," akanong'ona. "Mmoja anakimbia. Wengine wanatambaa."