Mwisho wa Pango la Majivu

Kirejeshi kilipozimwa, Mzee Chibago alifumbua macho, akavua kofia yenye nyaya na kuuliza, "Hivi mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

"Umetupatia mbuzi, mzee," alijibu Yaredi, fundi msaidizi, akimshika mkono asimame.

"Mbuzi gani? Sijafuga mbuzi tangu nistaafu!"

Wakacheka wote watatu. Injinia Nyemo Masima alicheka kidogo kuliko wenzake, kwa sababu ndiye aliyekibuni kirejeshi na alijua mzee ameacha nini pale kitini. Mashine ile ilisoma kumbukumbu ndani ya ubongo na kuigeuza picha na sauti, lakini kila ilichokisoma ilikiunguza. Ni kama njiti ya kiberiti: ukishapata moto wake, njiti huna tena. Watu wa Dodoma walilijua hilo na bado walipanga foleni. Dhoruba ya jua ilikuwa imeteketeza maghala yote ya picha, watoto wamekua bila katuni hata moja, na wazee waliona heri wao wasahau kuliko wajukuu wasijue.

Kilichokuwa kikirejeshwa ni "Pango la Majivu", kipindi kimoja cha Wapanda Wingu, katuni ya zamani ya watoto wawili waliozunguka dunia kwa puto pamoja na mbuzi wao mwenye domo, Bibi Ndevu. Nyemo alikipenda kipindi hicho kuliko vyote. Shida ilikuwa mwisho. Wazee wote waliokaa kitini walifika pale mlango wa pango unapojifunga na Bibi Ndevu kubaki ndani, kisha basi. Wengine waliapa kwamba mbuzi alikufa.

"Hakufa," alisema Nyemo. "Alipiga chafya, majivu yakaruka, akatokea juu ya mlima akilalamika kwamba ndevu zimechafuka. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa na miaka mitano."

"Basi mwisho unao wewe peke yako, Injinia," alisema Yaredi.

"Ndiyo maana nitakaa mimi."

Yaredi hakufurahi. "Si umesema mdogo wako anafika mchana? Msubiri basi, mtu wa nyumbani awepo."

"Watoto wanaingia ukumbini kukitazama saa tisa. Na Seche alikuwa mgongoni kwa mama wakati huo, atanisaidia nini?" Alijivika kofia mwenyewe. "Kitatoka kichwani, nitakiona kwenye skrini. Nitakuwa nimepoteza nini?"

Alipozinduka, walikitazama pamoja. Picha zilikuwa safi mpaka mlango wa pango ulipojifunga. Hapo skrini ikawa nyeusi tii, na gizani ikasikika sauti ya mvulana, nyembamba, yenye mikwaruzo, ikijifanya mbuzi, ikipiga chafya ya uongo na kulalamika kwamba ndevu zimechafuka, kisha ikijicheka yenyewe. "Usilie wewe," ilisema. "Anatoka sasa hivi. Msikilize."

"Huyu ni nani?" Yaredi aliuliza.

Nyemo alisikiliza kwa makini, kama fundi anavyosikiliza mtambo. "Simjui. Watakuwa watoto wa jirani, walijaa sebuleni siku hizo. Sauti za nje hatuziweki."

"Nifute? Maana maji yakimwagika hayazoleki."

"Futa. Maneno yachukuliwe, mashine ijaze picha na sauti ya Bibi Ndevu."

Yaredi akafuta. Masalia ya kumbukumbu za mtu hayakuwekwa akiba popote. Hiyo ilikuwa sheria ya jiji, na aliyeipigania ni Nyemo mwenyewe.

Ukumbini watoto walipiga kelele mlango ulipojifunga, na Bibi Ndevu alipotokea mlimani walisimama juu ya viti. Sechelela aliingia katikati ya makofi, vumbi la safari bado likiwa viatuni, akaketi kando ya dada yake. Alitazama mpaka mwisho. Alikuwa na furaha, kisha hakuwa nayo.

"Dada, mbona Mazengo yumo humo?"

"Kaka? Ataingiaje kwenye katuni?"

"Umeme ulikatika, dada. Mji mzima, mbuzi akiwa pangoni. Ukalia sana. Mazengo akakupakata gizani akakumalizia hadithi, na chafya yote hiyo, huku akiigiza mbuzi. Mama alinisimulia. Ulipokuwa ukisema ulimwona mbuzi, mama alinikataza kukusahihisha. Alisema mwache, alimwona kweli."

Nyemo alimjua Mazengo kwa picha moja ya ukutani na kwa kaburi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua mwaka uleule. Alijaribu kuikumbuka ile sauti aliyoisikia asubuhi. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa na mikwaruzo, na kwamba aliamuru ifutwe.

"Umeifuta sauti yake?" Seche aliuliza, ingawa jibu alishaliona usoni kwa dada yake.

"Nilidhani ni mtoto wa jirani."

Watoto walianza kuomba kirudiwe, na Yaredi akazima taa tena. Nyemo alimshika mdogo wake mkono kwa nguvu.

"Seche, alikuwa na sauti gani?"

"Mimi nilikuwa mgongoni, dada," Sechelela alisema, machozi yakimtoka. "Wewe ndiye uliyekuwa nayo."