Kaka Yangu Alinichagulia Bahari

Begi lilikuwa jepesi mno.

Nililifungua palepale mezani, mbele za watu, mimi ambaye hata kupiga chafya mbele za watu naona haya.

Ndani kulikuwa na kofia moja ya kuogelea. Na kamba ya kufunga kifundoni, ile yenye kifaa cha kupima muda.

Basi!

Hakuna namba ya kubandika kwenye baiskeli. Hakuna namba ya kifuani ya kukimbilia.

"Dada, samahani... vitu vyangu vingine viko wapi?"

Dada wa mezani akatazama kompyuta yake.

"Wewe ni mwogeleaji wa timu. Wenzako wameshachukua vyao."

"Timu gani?"

"Timu yenu! Wewe unaogelea, mke wa kocha anaendesha baiskeli, kocha anakimbia. Hamjaambizana?"

Nyie!

Huyo kocha ni kaka yangu. Tumbo moja. Na huyo mke wake ni wifi yangu.

Na mbio zilikuwa kesho yake asubuhi!

Ngoja niwaeleze, maana najua wengi mnasema "mbio gani tena hizo?"

Ni michezo mitatu mfululizo, wenyewe wanaiita triathloni. Unaogelea, unatoka majini unarukia baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Mimi nilikuwa najiandaa kwa ile wanayoiita nusu. Kuogelea karibu kilomita mbili. Baiskeli tisini. Kukimbia ishirini na moja. Ukisikia hiyo ni nusu, usiulize nzima.

Mimi ni dada wa usafi kwenye bwawa la kuogelea, lilelile ambalo kaka ni kocha. Nasugua vigae, naokota nywele za watu kwenye machujio, navuta harufu ya dawa ya maji mpaka inahamia kwenye uji. Shule niliishia darasa la tano. Ila kabla wateja hawajafika, lile bwawa lote ni langu, na humo ndani sina aibu na mtu.

Baiskeli aliniungia fundi wa mtaani kwetu. Fremu ya huku, magurudumu ya kule. Ilinikaa kama nguo ya kushonewa.

Kukimbia, mtu yeyote mwenye hasira anaweza.

Sasa, mbio ya kwanza ya aina hii huchagui kama unavyochagua kanga. Nilikuwa nimeshachagua ya ziwani. Maji yametulia, barabara tambarare, na muda wanaokupa kumaliza ni wa kibinadamu. Nikamwambia kaka.

Akacheka.

"Ziwani? Ziwani hata bata anaweza. Wewe twende baharini. Kwenye mawimbi ndiko utawaacha watu."

"Na ile milima ya baiskeli, kaka?"

"Milima utaizoea."

"Naiogopa..."

"Mimi kocha au wewe kocha?"

Mama naye akadakia kutoka jikoni: "Msikilize kaka yako. Yeye ndiye aliyesoma."

Hiyo sentensi nimeisikia tangu nina meno ya utoto. Nikanyamaza. Akaniandikisha yeye, kwa sababu ile tovuti imeandikwa lugha nisiyoisoma.

Kumbe nilikuwa naingizwa mjini na damu yangu mwenyewe!

Nikatoka pale mezani mbio hadi nyumba ya wageni tulikofikia.

Namkuta kaka amepiga magoti uani, spana mkononi. Anapandisha kiti cha baiskeli yangu. YANGU! Wifi ni mrefu, si mnajua. Yaani hata baiskeli ilikuwa ishapata mwenyewe mwingine na mimi sina habari.

"Kaka... umeniandikisha nini?"

Hata hakugeuka.

"Umeshachukua kofia? Kesho uwahi kulala... eeh, nimesema vibaya, leo uwahi kulala."

"Nimekuuliza, umeniandikisha nini?"

"Timu. Timu ni bora kwako. Wewe unatutoa majini wa kwanza, unampa wifi yako kamba, kazi yako imeisha. Unakaa kivulini unakunywa soda."

"Mimi nimefanya mazoezi ya michezo yote mitatu!"

"Mazoezi ni afya."

Ndugu zangu, aliniambia mazoezi ni afya!

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo akainuka, akajifuta mikono.

"Sikiliza. Meneja wa bwawa amesema timu yangu ikishinda, mimi ndiye kocha mkuu. Baharini ndiko wewe unawazidi watu wote. Ziwani ungewazidi kidogo tu. Sasa unataka nikose cheo kwa sababu wewe unataka kujipima? Ujipime nini? Si kuna mizani ya uzito pale bafuni kwa wateja?"

Wifi alikuwa mlangoni, amesimama na viatu mkononi. Anamtazama mumewe, ananitazama mimi.

Nikampita. Nikaingia chumbani, nikamfungia mlango usoni.

Alibisha. "Wifi... wifi, fungua kidogo."

"Niache!"

Akabisha tena. Nikajifunika mto kichwani.

Asubuhi mawimbi yalikuwa makubwa, watu wanajishika viuno wanayatazama. Mimi sikuyaona hata. Nilikuwa na moto kifuani ambao bahari isingeuzima.

Filimbi ikalia.

Niliogelea kama ninayepiga mtu. Kila mkono unaoshuka, namshushia kaka. Kila teke, la kaka. Nilipoinua kichwa karibu na ufukwe, mbele yangu hakukuwa na kofia ya timu yoyote.

Nikatoka nakimbia mchangani. Kwa mbali naiona sehemu ya baiskeli. Kaka yuko pale anaruka kama ameshavishwa medali.

"Safi! Safi mdogo wangu! Mpe kamba! Mpe kamba!"

Wifi amesimama kando ya baiskeli yangu. Mkono mmoja ameunyoosha. Mkono wa pili ameshika kofia yangu ngumu ya baiskeli.

Hata kofia yangu!

Nikaipokonya. Nikaivaa. Nikafunga mkanda wake kidevuni.

"Unafanya nini?" kaka akapiga kelele. "Kamba! Toa kamba!"

"Kamba iko mguuni kwangu."

"Una wazimu? Watatufuta!"

"Wafute!"

Sauti ilinitoka mpaka nikajigeukia mwenyewe kuona nani amesema.

Wifi hakunishika. Alisogea tu pembeni. Nikaivuta baiskeli, nikakimbia nayo hadi mstarini, nikapanda.

Kiti kilikuwa sawasawa na miguu yangu. Sikujiuliza. Mwenye hasira hajiulizi mambo ya kiti.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Nilijua nimevunja sheria. Mwogeleaji wa timu kuondoka na baiskeli, hiyo ni kufutwa tu, hakuna mjadala. Nikajua muda wowote wasimamizi watanifuata na pikipiki waniteremshe mbele za watu. Kwa hiyo sikuendesha kama mtu anayeshindana. Niliendesha kama mwizi!

Nikisikia pikipiki nyuma, nakanyaga hadi mapafu yanawaka.

Kwenye meza za maji sikusimama. Nilihofia watu wa pale wameshapigiwa simu wanikamate. Mama mmoja aliniinulia chupa, nikakata kona kama ameniinulia jiwe.

Milima ya kwanza niliipanda kwa sifa. Niliwapita wanaume wenye baiskeli za bei ya nyumba. Mmoja akaniambia, "Dada, taratibu, safari ndefu!" Sikumjibu.

Alikuwa anasema kweli. Ule mlima wa mwisho miguu ilinigomea. Nilishuka nikasukuma. Nasukuma nalia. Nalia namtukana kaka, na matusi yenyewe siyajui mengi, nikawa narudia yaleyale.

Niliporudi sehemu ya baiskeli, mzee mmoja mwenye fulana ya usimamizi alisimama njiani, akanyoosha mikono.

"Pole mwanangu. Muda wa baiskeli umefungwa. Umechelewa kidogo tu."

"Najua mmenifuta. Nisameheni, ilikuwa timu ya kaka yangu..."

Akanishangaa.

"Nani kakufuta? Wewe si wa peke yako? Jina lako lipo hapa, tumekuwa tukikungoja. Ungewahi, ungeendelea kukimbia."

"Mimi ni wa timu."

"Timu ilivunjwa jana jioni, mama. Umebaki wewe."

Nilikaa chini. Pale pale, kwenye lami, na baiskeli ikaniangukia mguuni.

Wifi akaja anakimbia, ana chupa ya maji.

"Kunywa kwanza."

"Umefanya nini, wifi?"

Akachuchumaa.

"Kaka yako alituandikisha kwa simu yangu, kwa hiyo kiongozi wa timu nilikuwa mimi. Aliniambia wewe mwenyewe umeogopa milima, ukaomba uogelee tu. Jana nilipowasikia mnagombana uani ndiyo nikajua. Nikarudi mezani kabla hawajafunga, nikaomba watutoe mimi na yeye, wakuache wewe. Namba zako nilibandika mwenyewe. Kiti nilikishusha alfajiri."

"Na mkono ulionyoosha?"

"Nilikuwa nakuita uje uvae kofia! Ulidhani nataka kuivaa mimi?"

Jamani, mnategemea nilimkumbatia, siyo? Muziki laini, machozi, wifi na wifi?

Hapana!

Nilipandwa na hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinifungia mlango..."

"Mlango una uwazi chini! Una tundu la ufunguo! Dirisha lipo! Ungepiga kelele!"

"Kaka yako angesikia..."

"Na asubuhi ufukweni? Neno moja tu, wifi. 'Mbio ni zako.' Neno gumu hilo?"

"Alikuwa kaniganda. Nilidhani ukiona namba kwenye baiskeli utaelewa."

"Nilikuwa natazama namba? Nilikuwa natoroka! Nimepita maji bila kunywa! Nimeteketeza miguu kwenye milima ya kwanza nikikimbia pikipiki za watu ambao walikuwa wananishangilia! Nimefanya mbio zangu mwenyewe kama mwizi!"

Wifi akainamisha kichwa. Chozi likamdondoka kwenye kifuniko cha chupa.

Kaka naye huyo hapo, kavimba kama andazi.

"Umefurahi sasa? Timu hakuna, cheo hakuna, na wewe mwenyewe hukumaliza. Mama nimempigia, amesikitika sana."

"Amesikitikia nani?"

Akajifanya anatazama simu.

"Nimekuuliza kaka, mama amemsikitikia nani?"

"...Amesema unipe pole."

Mnaona?

Nilicheka. Kicheko kibaya, cha mtu mwenye chumvi mdomoni. Watu waligeuka wakatutazama, na kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta pa kujificha.

"Pole kaka. Pole kwa kukosa ngazi. Leo ngazi imeamua kutembea."

"Usiniongeleshe hivyo, mimi mkubwa wako!"

"Ukubwa wako uubebe mwenyewe. Na kesho tukirudi kazini, ile kona yangu ya mazoezi bwawani usiikanyage. Nitaogelea bila filimbi yako."

Akabadilisha sauti, ile ya kunibembeleza nikiwa mdogo.

"Basi, tusikosane. Nimekosa. Ile ya ziwani haijafungwa. Nitakuandikisha leo hii, mwenyewe, michezo yote mitatu."

Wifi akadakia, "Wewe? Nani akuamini? Nitamwandikisha mimi. Nina simu hapa."

"Mimi ndiye ninayejua kiwango chake!"

"Na mimi ndiye niliyemtoa kwenye mtego wako!"

Wakaanza. Mume na mke, juu ya kichwa changu, wananigombania kama mzigo stendi. Nani anichagulie. Nani aniandikishe. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuniuliza, "Wewe unataka ipi?"

Nikainuka nikawaacha.

Nikaenda kwa dada wa mezani, yule wa jana. Chumvi imekauka usoni.

"Dada, mimi kusoma sijasoma sana. Naomba unisomee mbio zote zilizobaki mwaka huu. Moja moja. Kila moja uniambie maji yake, milima yake, na muda wao wa kufunga."

Akanitazama. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa. Tuanze na ipi?"

"Yoyote. Nitakwambia simama."

Alisoma, nikasikiliza. Ya ziwani ikapita, sikumwambia simama. Niliichagua zamani kwa sababu niliogopa milima, na ile milima nilikuwa nimetoka kuisukuma kwa mikono yangu. Tukaendelea hadi nikasema simama. Palipokuwa na neno nisilolijua, nikamuuliza. Palipokuwa pa kuandika, nikaandika kwenye kompyuta yake kwa kidole changu, herufi moja moja, na foleni nyuma yangu ikangoja.

Dada zangu mnaosoma hapa, mliozoea kunyamaza kama mimi: anayekudhulumu atakuchagulia njia. Na anayekupenda naye atakuchagulia njia, tena kwa nia njema, na utapotea vilevile. Wa kwanza mkasirikie. Wa pili mshukuru, halafu mkasirikie pia. Aibu yako ndiyo kiti wanachokalia wote wawili. Inuka, waanguke.

Wifi nimemsamehe, nusu. Mama bado hatujaongea vizuri. Kaka hajapata cheo, na sijalala vibaya kwa ajili hiyo.

Mtauliza kwenye maoni, nimechagua mbio gani?

Siwaambii! Kaka yangu naye ananifuatilia hapa.