Pistoni ya Nyuma Kushoto

Saa nane kasoro robo mchana, gari dogo jeupe liliteremka lenyewe kutoka mbele ya nyumba, bila dereva, likambana mzee mmoja ukutani, kando ya geti. Alikuwa anapaka geti rangi, mgongo kauelekeza kwenye mteremko. Binti yake, muuguzi, aliyekuwa ameliegesha dakika ishirini tu kabla, alitoka mbio akiwa bado na sare ya kazi. Kwa kazi yake hiyo, alikuwa wa kwanza kujua kwamba baba hayupo tena.

Mkaguzi wa magari wa polisi alifika saa tisa na dakika kumi. Alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kutafuta miwani iliyo kichwani kwake. Alichungulia ndani ya gari. Gia ilikuwa huru. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho.

“Nani aliivuta?”

“Mimi, afande. Nilipoegesha.”

“Si baada ya ajali?”

“Baada ya ajali nilikuwa na baba.”

Majirani walikuwa wameshatoa hukumu. Mmoja alisema, bila hata kupunguza sauti, kwamba mtu aliyechoka na zamu husahau jina lake, sembuse breki. Kwao binti amemuua baba yake kwa uzembe, basi, mjadala umefungwa. Muuguzi alisikia yote.

Kaka yake, seremala, alikuwa na jibu lingine.

“Mkamateni Fundi wa gereji ya mtaa wa pili. Alimposa dada yangu, tukamkataa. Na hakuna mwingine anayegusa breki za gari hili.”

Sababu ilikuwepo, uwezo ulikuwepo. Kufikia saa kumi na mbili jioni, Fundi alikuwa mahabusu.

“Sijaligusa gari hilo hata kwa kidole miezi miwili sasa,” alimwambia Mkaguzi kesho yake asubuhi. “Tangu nilipofukuzwa mlangoni.”

“Alikufukuza nani? Mzee?”

“Mzee alinipenda. Alinifukuza kaka mtu.”

Saa nne Mkaguzi alifungua magurudumu ya nyuma. Pedi za breki zilikuwa mpya, hazina hata wiki. Kwa hiyo kati ya Fundi na kaka mtu, mmoja alikuwa anadanganya.

Pedi mpya ni nene, na ili zienee, pistoni ya breki, kile chuma kinachozisukuma pedi, lazima irudishwe ndani. Za mbele husukumwa. Za nyuma za gari lile zilikuwa na skrubu ya breki ya mkono ndani yake, hivyo huzungushwa taratibu mpaka zizame, na usoni zina vijishimo vya kushikia kifaa cha kuzungushia. Kila fundi analijua hilo. Vijishimo vile havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Badala yake, katikati ya pistoni ya kushoto palikuwa na alama ya duara iliyobonyea, na juu yake tone la gundi ya mbao, limekauka. Aliifungua. Ndani, meno ya skrubu yalikuwa yamevunjika. Yaliyobaki yangeshika gari kwa muda, kisha yaachie.

Saa sita Mkaguzi alikuwa kwenye karakana ya kaka mtu. Seremala alikuwa anamtengenezea baba yake jeneza. Vibano vinne vya chuma vilikuwa vimebana mbao zilizopakwa gundi, na dada yake alikuwa pembeni anapiga msasa kifuniko.

“Naomba kibano kimoja.”

“Gundi haijakauka, afande. Nipe nusu saa.”

Mkaguzi akavuta kigoda akakaa. Hakuwa na moyo wa kuharibu jeneza la mtu. Nusu saa ilipopita, alitoa pistoni mfukoni, akaiweka kwenye mguu wa kibano, kile kisahani cha duara kinachobana mbao. Vikaoana kama sufuria na kifuniko chake.

“Uliisukuma,” alisema. “Ilitakiwa kuzungushwa.”

Seremala alikaa chini, juu ya vumbi la mbao.

“Ilikuwa Jumapili, dada kaenda kazini, gari kaliacha. Breki zilikuwa zinalia. Za mbele ziliingia bila taabu. Za nyuma zikagoma, nikakaza kibano. Kuna kitu kilikatika ndani. Nikajipa moyo kwamba si kitu.”

“Gereji iko mtaa wa pili. Kwa nini hukumuuliza Fundi?”

“Ningemwendea kwa uso gani? Nimemfukuza, nimemwambia hatumhitaji. Nilitaka dada agundue mwenyewe kelele zimekwisha, aone kweli hatumhitaji.”

“Ukamsingizia. Amelala mahabusu.”

“Nilidhani mtakosa ushahidi, mtamwachia, na mambo yaishe.”

Mkaguzi alimtazama kwa huzuni. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na angeweza hata kumtetea. Hili la pili hakuona pa kuanzia kulitetea.

Muuguzi aliweka msasa chini.

“Jana niliapa mbele ya watu wote kwamba niliivuta,” alisema. “Shangazi zangu hawakuniamini. Leo alfajiri hata mimi nilikuwa nimeacha kujiamini. Nilikuja hapa nikakulilia, nikakwambia labda kweli nilisahau. Ukanipa maji, ukasema pole.”

“Dada...”

“Dunia nzima, kaka, ni wewe peke yako uliyejua kwamba nasema kweli.”

Mkaguzi akasimama, akamwambia seremala avue aproni.