Tungule za Marehemu Mama

Bi Biasha alikuwa akimaliza kusali alfajiri, huchukua kopo akaingia chumba cha ndani kumwagilia miche yake. Adhuhuri hivyo hivyo. Alasiri, magharibi na isha, hivyo hivyo.

Ilikuwa miche ya tungule, yaani nyanya. Mbegu aliziacha marehemu mama yake. Ni tungule ndogo, kali kidogo, zenye mchuzi mzito, na sokoni hazipatikani. Biasha alitaka kuzipanda kwa kaka yake Mtoni, lakini kuku wa kule hawaachi kitu kichipue. Akaamua kuiotesha kwanza kwake Mji Mkongwe, ikishakua ndipo aihamishe.

Akapanda kwenye mikebe ya maziwa. Na kwa kuogopa kijicho cha watu, akaificha. Chumba cha ndani kina kuta nene na dirisha moja tu. Hilo nalo alilifunga, akateremsha pazia.

Miche ya kwanza ikafa yote. Akapanda mbegu zote zilizobaki. Zikaota, lakini miche ikawa mirefu, myembamba kama uzi, rangi ya manjano. Asubuhi moja akakuta mingine imelala, imeoza mashina.

"Matar! Matar, njoo!"

"Naam." Mumewe akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Watu wameshanitilia jicho."

"Jicho gani? Hata mimi mumeo huniruhusu kuingia humu. Labda hasidi ni mjusi."

"Usinifanyie mzaha! Mbegu zimekwisha. Hii ikifa, tungule za mama ndiyo basi tena."

Matar akaona machozi yanamlenga. Akaweka kikombe chini. "Nnakwenda kumwita Bi Riyama."

"Usithubutu!"

Matar alikuwa keshashuka ngazi.

Bi Riyama, jirani yao wa chini, anafanya kazi kwenye kitalu cha miche Kidichi.

"Shikamoo," Biasha alimwamkia, bila ya furaha.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?" Akachungulia chumbani. "Ala! Mbona giza? Miche imekaa eda?"

Matar akacheka. Biasha akamkata jicho.

Bi Riyama akainua mkebe, akaunusa. "Hakuna aliyekuroga, mwanangu. Mche hutengeneza chakula chake kwa mwangaza. Ukiukosa hurefuka ovyo ukiutafuta, ukawa dhaifu. Na maji unatia lini?"

"Kila nikishasali."

"Mara tano! Sala umefaradhishiwa wewe, si mche. Udongo ukijaa maji, mizizi haipati pumzi. Ukungu hushika shina, likaoza."

"Kwa hivyo nimeiua mimi?"

"Iliyolala imekwenda. Iliyosimama bado ina uhai. Matar, lete msumari na nyundo."

Matar akatoboa matundu chini ya mikebe, maji machafu yakatoka. Biasha akang'oa miche iliyooza, akaitupa.

"Sasa ipeleke dirisha la mbele," alisema Bi Riyama.

"Wapita njia wataiona!"

"Waione. Unataka watu wasiione, au unataka iishi?"

Biasha akabeba mkebe wa kwanza mwenyewe.

Njia yao ni nyembamba, jua halikai dirishani. Kwa hivyo Matar alining'iniza globu nyeupe ya LED, shibiri moja juu ya miche. "Iwake tangu asubuhi, muizime baada ya isha," alisema Bi Riyama. "Mche nao hupumzika. Miche ikirefuka, pandisha taa. Na kabla ya maji, tia kidole. Udongo ukiwa mbichi, uache. Ukiwa mkavu, weka mikebe kwenye beseni la maji kidogo, inywe kwa chini. Juu pakilowa, itoe."

"Na nikiionea huruma?"

"Huruma mpe Matar, umtilie chai nyingine. Ile imeshapoa."

Miche ikanenepa, majani yakawa kijani. Kabla ya kuihamisha, Biasha aliizoesha jua la nje kidogo kidogo. Huko Mtoni alifukia mashina mpaka karibu na majani, ili yatoe mizizi zaidi, na kaka yake akazungusha wavu kuzuia kuku.

Tungule za mwanzo zilipoiva, Matar aliulizia mchuzi.

"Subiri," alisema Biasha. Alizipasua, akatoa mbegu, akaziosha, akazianika kivulini. Zilipokauka akazifunga vifurushi, akashuka navyo kwa majirani, mlango kwa mlango.

"Unazigawa?" Matar alishangaa.

"Nazigawa. Zangu zikifa, nitapiga hodi kwao."

Kisha Biasha akaingia jikoni kubandika mchuzi.