Kanuni Iliyofuta Taarifa ya Msiba

Mzee Ma Seong-rak hufungua duka lake la mihuri mapema kuliko sisi wote wa mtaa huu. Huwasha jiko la mafuta, huweka birika juu yake, kisha hukaa kwenye meza ndogo dirishani na kuchonga majina ya watu kwenye vipande vya mbao. Mtu akinunua nyumba au akifungua akaunti benki, anataka muhuri wa jina lake. Vijana wengi siku hizi hutia saini tu, lakini wanaotaka muhuri bado wapo. Wengi wao humwandikia Mzee Ma kwa barua pepe.

Mimi ni jirani yake, naitwa Tak Mi-ran. Nafundisha watu wazima kompyuta katika ukumbi wa mtaa. Nitawasimulia yaliyompata mzee huyu, na yeye ameniruhusu. Si hadithi ya kuchekesha.

Kabla ya mihuri, Mzee Ma alikuwa mchimba makaa ya mawe kule Taebaek, kwenye milima ya huku kwetu Korea. Huko alipata vitu viwili: kikohozi kisichopona, na rafiki aitwaye Ok Chang-su. Walifanya kazi zamu moja, wakala chakula kimoja, na mara nyingi mno walibeba pamoja majeneza ya wenzao. Kwa hiyo walikubaliana jambo moja. Atakayebaki atambeba mwenzake. Waliliapia wakiwa vijana, na uzeeni hawakulisahau.

Kwetu msiba ni siku tatu. Asubuhi ya siku ya tatu marafiki hubeba jeneza hadi kwenye gari, watatu kila upande. Ukichelewa, umechelewa. Hakuna wa kukusubiri.

Taabu ilianza majira ya kuchipua. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Na-ra, alishika simu ya mumewe na kukuta ujumbe: "Mama yangu amefariki usiku. Mahali pa msiba ni hapa, bonyeza." Akabonyeza. Nani asingebonyeza? Sisi tukisikia kifo hatuulizi maswali mengi. Tunatafuta nguo nyeusi na kwenda. Wezi wanalijua hilo, na ndiyo maana wanalitumia. Mungu awaone.

Hapakuwa na msiba wowote. Ile ilikuwa njia ya wezi kuingia ndani ya simu. Wakaanza kuwatumia watu wote waliomo taarifa kama hiyo, kwamba Mzee Ma mwenyewe amefariki. Bwana mmoja alisafiri kutoka Busan akiwa na suti nyeusi, akafika dukani na kumkuta Mzee Ma anakula tambi.

"Kumbe uko hai!" alisema yule bwana.

"Ulitaka niwe vipi?" Mzee Ma akauliza, mdomo umejaa.

Watu walicheka, lakini mwenyewe hakucheka. Aliona aibu kubwa. Akabadilisha namba ya simu, na mpya akawapa watu wachache tu, Chang-su akiwa mmoja wao. Chama cha wachimbaji wastaafu alikiambia kimwandikie kwa barua pepe peke yake.

Wezi hawana haya. Ilipofika vuli, taarifa za misiba ya uongo zikamfuata hata kwenye barua pepe. Zilikuja pamoja na matangazo ya mikopo, dawa za magoti na mashine za kukanda miguu. Barua za wateja zikapotea katikati ya takataka hizo.

Wiki moja darasani kwangu, ambako Mzee Ma pia husoma, nilionyesha jinsi ya kuiandikia barua pepe kanuni, yaani agizo la kujifanyia usafi yenyewe. Mzee Ma alisikiliza vizuri. Wiki iliyofuata, nilipoeleza hatari zake, hakuwapo. Ilikuwa wiki ya kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili tunayoiweka akiba ya majira ya baridi, na nyumba nzima ilikuwa imezama kwenye kabichi na chumvi. Jioni moja aliacha kabichi, akanawa mikono, akakaa kwenye kompyuta.

"Nimewapata!" alimwita mkewe. "Kuanzia leo barua yoyote yenye maneno 'taarifa ya msiba' inafutwa palepale. Siioni wala haipiti kwenye tupio, lile pipa la barua zilizofutwa. Inapotea moja kwa moja."

Mama Na-ra alisimama mlangoni, mikono imejaa pilipili. "Baba Na-ra, na mtu akifa kweli?"

"Akifa kweli watapiga simu."

"Namba gani? Umempa nani?"

Mzee Ma alimgeukia. Kisha akasema, "Wewe uliyebonyeza ndiye unayenifundisha mimi?"

Mama Na-ra aligeuka. Alirudi jikoni. Baadaye aliniambia kwamba neno lile lilimchoma kuliko pilipili.

Wakati huo Chang-su alikuwa amelazwa hospitali mjini Wonju kwa ugonjwa wa mapafu. Mzee Ma alikwenda kumwona, akamkuta amekaa kitandani anamenya tunda la persimoni.

"Madaktari wanasema nitatoka kabla ya mwaka mpya," Chang-su alisema.

"Madaktari hawakujui. Utawachosha mpaka wakufukuze."

"Na wewe acha kuja na makoti hayo yenye harufu ya mafuta. Wauguzi wanadhani ni mimi."

Waligombana hivyo mchana mzima, kama kawaida yao. Mzee Ma alirudi nyumbani ametulia. Alinipa hata persimoni mbili.

Theluji ilipoanza, akapata maagizo mengi ya mihuri. Jumapili alipiga simu kwa Chang-su, haikupokelewa. Akafikiri amelala. Kesho yake akapiga tena, haikupokelewa. Siku chache baadaye akapiga mara nyingine, na safari hii ikapokelewa na Gi-tae, mtoto wa Chang-su.

"Baba mdogo," Gi-tae alisema.

"Mpe baba yako simu. Mwambie aache uvivu."

"Baba mdogo, hukupata taarifa? Baba alifariki. Chama kiliwatumia wote barua pepe. Mimi namba yako mpya sikuwa nayo, na simu yake ilikuwa imefungwa kwa neno la siri. Nimeifungua leo tu."

Mzee Ma aliweka kisu cha kuchongea mezani.

"Tumeshamsindikiza," Gi-tae akaendelea. "Ilikuwa Alhamisi."

"Nani alishika nafasi yangu?"

"Mama alisema tukungoje kidogo, tukangoja. Lakini saa ya kuondoka ilifika. Akashika kijana mmoja, mfanyakazi wa ukumbi wa misiba wa hospitali."

"Alimjua baba yako?"

"Hapana, baba mdogo. Hakumjua."

Mama Na-ra alikuja kunigongea bila koti, katika theluji ile. Niliingia dukani nikamkuta Mzee Ma mbele ya kompyuta. Alikuwa anabonyeza hapa na pale, anafungua na kufunga.

"Mwalimu, irudishe," aliniambia.

"Nini, Mzee?"

"Barua ya chama, ile ya Chang-su. Najua nimechelewa, sina ninachodai. Nataka kuisoma tu."

Nilitafuta kwenye kikasha cha barua zinazoingia. Nilitafuta kwenye barua taka. Nilitazama tupio, lilikuwa tupu. Nikafungua mipangilio na kuiona kanuni yake, imeandikwa vizuri kabisa, bila kosa hata moja. Ilikuwa imefanya kile alichoiagiza.

"Hairudi, Mzee. Uliiambia ifute moja kwa moja."

Mzee Ma aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza na kulia. Sikujua kama nitoke au nibaki. Mama Na-ra alikwenda akageuza kibao cha mlangoni, duka likafungwa saa nne asubuhi.

Siku kadhaa hakutaka hata kuiona kompyuta. Kisha mkewe alinileta tena.

"Anataka kufunga barua pepe kabisa," alisema Mama Na-ra. "Wateja nao tuwaandikie kwa njiwa?"

"Ifungwe," alisema Mzee Ma. "Imenitosha."

"Ukiifunga, utakosa na habari nyingine," nilimwambia. "Kosa si la kanuni. Umeituma kazi ambayo haiwezi. Sogea nikuonyeshe."

Alisogea, si kwa furaha. Nikaanza taratibu, kama nitakavyoeleza hapa kwa kila msomaji.

"Kanuni ni agizo lenye sehemu mbili," nilisema. "Sehemu ya kwanza inasema: barua ikiwa hivi. Ya pili inasema: basi ifanye hivi. Kompyuta haijui rafiki wala mwizi. Inatazama maneno tu. Wewe ulitumia maneno ambayo hata mtu mwema ataandika siku ya msiba. Mwizi na chama chenu wakaingia shimo moja."

"Sasa nitumie maneno gani?"

"Yale ambayo watu wako hawawezi kuyaandika. Tazama haya matangazo ya mikopo na dawa. Kila moja linaanza na nini?"

Alivaa miwani. "Limeandikwa 'Tangazo', ndani ya mabano."

"Ndiyo. Sheria yetu inamlazimisha mfanyabiashara kuandika hivyo. Gi-tae ataandika hivyo akikutafuta?"

"Ataandikaje hivyo? Yeye si duka."

"Basi hilo ni neno salama. Barua ikiwa na neno hilo kwenye kichwa chake, pamoja na mabano yake, iondoke. Lakini si kufutwa kabisa. Ipeleke tupio. Tupio hukaa na barua kwa muda kabla ya kuzimaliza, na ukigundua kosa unazirudisha."

Tuliandika kanuni hiyo pamoja. Yeye ndiye aliyechapa.

"Na misiba ya uongo?" aliuliza. Sauti yake ilishuka.

"Hiyo usiifute kwa kanuni. Tunaitengea folda yake. Iite 'Kagua'. Barua ikitoka kwa mtu usiyemjua na ina maneno ya msiba, inaingia humo. Kila jioni unafungua folda na kuitazama kwa macho yako. Ukiridhika kwamba ni ya uongo, unaifuta mwenyewe kwa mkono wako."

"Na nikiona jina ninalolijua?"

"Hapo usibonyeze kiungo chochote. Hata jina likiwa la ndugu yako, kwa sababu wezi huiba majina. Unalikumbuka lile la Busan."

Mama Na-ra aliinamisha kichwa. Nikajuta kulitaja.

"Unafanya hivi," nikaendelea. "Unachukua simu na kumpigia mtu wa familia, kwa namba uliyoiandika zamani wewe mwenyewe. Au unatafuta namba ya hospitali na kuuliza kama marehemu yuko kwao. Ni dakika mbili tu."

Mwisho tuliandika kanuni iliyo muhimu kuliko zote, na tukaiweka juu, ifanye kazi kabla ya nyingine. Inasema kwamba barua yoyote kutoka kwa watu waliomo kwenye orodha ya anwani zake isiguswe, ibaki kwenye kikasha. Tulikaa mchana mzima tukiingiza anwani: chama cha wachimbaji, Gi-tae, mjane wa Chang-su, wateja wa siku nyingi. Mzee Ma aliwapa wote pia namba yake mpya.

"Tujaribu," nilisema. Nilimwandikia mimi mwenyewe kutoka anwani asiyoijua, nikaweka neno la msiba. Ikaenda kwenye Kagua. Kisha Mama Na-ra akaandika kutoka kwenye simu yake, maneno yaleyale. Ikabaki kwenye kikasha.

"Jaribuni kila mara kabla ya kuiamini," niliwaambia. Hilo ndilo somo la wiki ile aliyoikosa.

Mzee Ma alimgeukia mkewe. "Uliniuliza swali, nikakutukana," alisema.

"Ulinitukana, ndiyo," alisema Mama Na-ra. "Sogeza kiti nipite."

Tangu hapo kikasha chake ni kisafi. Maagizo ya mihuri hayapotei. Kila jioni hufungua folda ya Kagua. Mara mbili amekuta humo msiba wa kweli wa mteja wa zamani, ulioandikwa na ndugu asiyemjua, akapiga simu, akathibitisha, akavaa nyeusi na kuwahi. Nasema ni faida, ingawa ni faida ya huzuni.

Mwezi uliofuata kulikuwa na barua ya tatu. Ilitoka kwa mjane wa Chang-su, ina neno la msiba na ina kiungo cha ramani. Kanuni ya zamani ingeiteketeza. Ya sasa iliiacha juu kabisa ya kikasha. Mzee Ma hakubonyeza. Alipiga simu kwanza.

"Ni mimi niliyeandika, shemeji," alisema yule mama. "Siku ya arobaini na tisa, ya kumuaga kwa mara ya mwisho, tunamfanyia marehemu ibada hekaluni. Uje."

Walikwenda wote wawili, yeye na Mama Na-ra. Mjane alimpokea langoni na hakuzungusha maneno.

"Nilikukasirikia, shemeji. Siku ile nilikuwa natazama mlango badala ya kumtazama mume wangu. Hasira haijaisha yote."

"Nakubali," alisema Mzee Ma. "Sina la kujitetea."

Baada ya sala, kwetu nguo za marehemu huchomwa, asirudi kuzitafuta. Gi-tae alinyoosha mkono achukue furushi la nguo za baba yake, lakini mama yake akamzuia. Akalichukua yeye na kumpa Mzee Ma.

"Mpeleke wewe," alisema.

Mzee Ma alimbeba Chang-su kutoka ukumbini hadi mahali pa moto, nyuma ya hekalu, kwa mikono miwili, akitembea polepole juu ya barafu. Aliporudi mtaani hakwenda dukani. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Hana uzito, Mwalimu," aliniambia. "Nilijiandaa miaka yote ile, na hana uzito kabisa."