Sanduku la Anayejikunja

Jua lilikuwa la utosini nilipofika nyumbani kwa kaka yangu nikiwa nimebeba masanduku ya plastiki, gundi na mkasi. Kazi yangu ni kupanga vyumba vya watu walioshindwa kupanga wenyewe. Kaka alikuwa safarini. Alinipigia simu kuniomba nimsaidie mkewe na chumba cha mtoto, na mimi ombi hilo nilikuwa nimelisubiri tangu amuoe.

Wifi yangu ni mchafu. Nasema wazi, na mbele yake nimeshasema. Chumba cha mtoto wa miaka minne kilikuwa kimegeuka stoo. Nguo juu ya kitanda, nguo chini ya kitanda, kona zote zimejazwa ndoo zilizopasuka na viatu visivyo na wenzake. Kabati lilishindiliwa magazeti makuukuu mpaka mlango haufungi. Mtu angedhani kuna mashindano ya takataka na yeye kapania kushinda.

Alisimama mlangoni akiuma kucha.

"Wifi, usiondoe vyote," alisema kwa sauti ya chini. "Bakisha vitu kwenye kona. Pasiwe na nafasi tupu."

"Nani kakwambia?"

"Kuna mtu aliniambia."

Mtu! Nilijua ni mtu wa aina gani, wale wa kutazama maji kwenye bakuli na kukuambia una jirani mwenye kijicho. Nikamuuliza kama huyo mtu ndiye pia aliyemkataza kufua. Akaenda jikoni.

Mtoto mwenyewe tunamwita Kifungo, kwa udogo wake na uduara wake. Nampenda kuliko mtu yeyote duniani. Kumwona analala katikati ya jalala lile kulikuwa kunaniuma, na ndiyo sababu hasa nilikwenda.

Nilifagia, nikafuta, nikajaza magunia ya taka. Ukutani nikatundika fremu yenye picha yake, ile ya uchanga wake, anacheka bila meno. Kisha nikamfundisha kukunja blauzi zake. Mikono ndani kwanza. Pindo la chini lije juu. Kunja tena. Halafu unapigapiga kwa kiganja ili ikae: pa... pa. Hiyo pa, pa ndiyo aliyoipenda. Alikunja mpaka kitambaa cha kufutia vumbi.

Watoto wa umri wake hawajui kusoma, kwa hiyo kila sanduku nalibandikia picha. Picha ya mpira, picha ya soksi, picha ya mdoli. Namwambia mtoto, hapa ni nyumbani kwa soksi, zikitoka lazima zirudi. Sijawahi kuona mtoto aliyesikia maneno hayo akaacha soksi sakafuni.

Likabaki sanduku moja kubwa, tupu. Kifungo akaniuliza ni la nani.

"La yeyote."

"Basi la Anayejikunja," alisema. "Kila siku anapita, anatafuta pa kukaa, hapati. Mama anajaza vitu."

Akachukua kalamu yake ya rangi, akachora. Mtu aliyekaa, magoti yamepita masikio, kichwa kimeingia kwapani. Nilicheka. Mtoto wa watu kakosa mtu wa kucheza naye mpaka kajitungia wake. Akaongeza kwamba mama yake hataki Anayejikunja apate nyumba.

"Mama yako hataki chochote kipate nyumba," nilimwambia, nikachukua gundi.

Niliibandika picha ile kwenye sanduku kwa makusudi, ili wifi aione kila asubuhi na ajue namwonaje yeye na mtu wake wa bakuli. Nikalisukuma chini ya kitanda, picha ikitazama mlangoni. Kifungo akanivuta sketi. Alitaka niseme maneno.

Nikayasema kwa nguvu, jikoni yafike.

"Hapa ni nyumbani kwa Anayejikunja. Akitoka lazima arudi."

Jikoni kulianguka sufuria.

Nilibeba magunia ya taka hadi getini. Niliporudi, giza lilikuwa limeshaingia ndani na hakuna aliyewasha taa. Kwenye korido kulikuwa na harufu. Naijua harufu ile, ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka zikafungiwa kabatini siku nyingi. Lakini nguo zote za chumba kile zilikuwa kavu. Nilizikunja mwenyewe.

Kisha nikasikia.

Pa... pa.

Wifi alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba, mkono mdomoni.

"Tulihama nacho kutoka ile nyumba ya kwanza," alinong'ona. "Hakimgusi mtu. Kinapita tu, mradi kisipate pa kukaa. Mbona umekikaribisha, wifi?"

"Nani yuko ndani?"

"Mwanangu. Peke yake."

Pa... pa.

Kiganja kile kilikuwa kizito. Hakikuwa cha mtoto.

Nilisukuma mlango, nikawasha taa.

Chumba kilikuwa safi kuliko nilivyokiacha. Shuka limenyooshwa bila mkunjo. Viatu vimepangwa kuelekea mlangoni. Kifungo hakuwepo. Ukutani fremu ilikuwa tupu.

Nikapiga magoti. Picha yake ya kucheka ilikuwa imebandikwa kwenye sanduku kubwa, juu ya ule mchoro, kwa gundi yangu, pembe zote zimekaa sawa.

Nililivuta sanduku. Lilikuwa zito.

Alikuwa ndani. Mikono imeingizwa kwanza, imelala kifuani. Miguu imekuja juu. Kisha amekunjwa tena, pale ambapo mtu hakunjiki, na kichwa kimelazwa ubavuni vizuri kabisa. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anapumua.

"Usipige kelele, shangazi," alinong'ona. "Anajifunza."

Tulimtoa. Tulimnyoosha polepole, kiungo kwa kiungo, mama yake analia bila sauti. Hakuvunjika popote. Nilimuuliza huyo mtu yuko wapi.

"Ametoka. Nyumba yake nimeijaza mimi. Kasema kwako kuna nafasi."

 Wifi alikwenda getini, akayaburuta magunia mpaka ndani, akayamwaga yote juu ya sakafu niliyoifuta. Nilimsaidia kujaza kona. Sanduku tulilichoma uani.

Mpaka leo namdharau. Mwanamke anayejua jambo kama lile hasimami mlangoni kuuma kucha. Anakukaba koo mpaka umsikie. Naye, nadhani, ananidharau mimi zaidi, ila ana adabu ya kutonieleza. Hunipigia simu kunihimiza nijaze nyumba yangu, magazeti, ndoo, chochote. Mimi nakataa. Nyumba yangu inang'aa, na kona zangu zote ni tupu. Kikikosa nafasi kwangu kitarudi kule nilikokiambia kirudi, na Kifungo sasa analala vizuri, kajitandaza kitanda kizima, katikati ya uchafu wa mama yake.

Juzi wifi alikuja kunitazama. Alikaa kidogo tu, akavuta pua, akasema nyumba yangu inanuka nguo mbichi. Yeye, wa kuniambia mimi!

Mimi ni mtu mzima, kunikunja ni kazi ya muda mrefu. Mwanzoni nilikuwa naamka mikono imelala kifuani tu. Sasa miguu nayo inakuja juu. Chini ya kitanda changu kuna sanduku ambalo sikulinunua, dogo, lina picha yangu.

Leo asubuhi niliamka kidevu kikiwa kimelala juu ya magoti, na sikusikia maumivu yoyote.