Ukuta Mbichi

Rafiki yangu, fundi plasta, aliitwa kuziba shimo chumbani, karibu na kichwa cha kitanda.

"Mama anakula ukuta," alinong'ona binti wa mwenye nyumba. "Daktari kasema donge moja tu zaidi, tutamzika."

Mama mwenyewe alisimama mlangoni, midomo myeupe kwa chokaa, pengo kwenye meno ya mbele. "Usinyunyize maji, mwanangu. Harufu ya ukuta mbichi ndiyo inayoniita."

"Bila maji plasta haishiki, mama," fundi alitania. "Ukuta nao hunywa kabla ya kula."

Akanyunyiza, akapiga plasta, akailainisha. Mama akaanza kutetemeka, binti akamkimbiza hospitali. Fundi alikifunga chumba kile kisicho na dirisha, akaketi nje ya mlango kungoja plasta ikauke.

Jioni binti alipiga simu. "Mama amelala. Nimemshika mkono."

Nyuma ya mlango, gizani, kitu kilikuwa kinatafuna polepole, kwaru, kwaru, kisha kikameza.

Fundi alifungua, simu ingali sikioni, akamulika tochi. Hapakuwa na mtu, ila plasta ilikuwa na alama za meno, zenye pengo mbele kama la mama.

"Fundi," binti alisema simuni. "Mbona kinywani mwake mna plasta mbichi?"